Kiganja na Usukani

Kabla hajaondoka alfajiri, mchuuzi wa samaki wa Kilwa Kivinje huikagua baiskeli yake kwa makini. Hubinya matairi kwa dole gumba ajue kama upepo unatosha. Huudondoshea mnyororo mafuta, hata yakiwa ni yale yaliyobaki kikaangoni. Hutikisa keria, na ikiwa imelegea huikaza kwa waya au kwa ukanda wa mpira. Kisha hushika usukani akaenda zake. Viganja vinavyoushika usukani huo havikuangaliwa na mtu, na pengine tangu aanze kazi hii hakuna aliyemwambia kwamba navyo ni vyombo vya safari.

Nimeanza na mchuuzi wa samaki kwa kuwa ndiye ninayemwona zaidi, lakini kutoka Somanga hadi Mchinga na Lindi mjini, wanaoishi kwa usukani wa baiskeli ni wengi. Yupo anayeshusha mkaa kutoka bara, magunia yamemzidi kimo. Yupo wa nazi na madafu, yupo wa madumu ya maji. Msimu wa korosho ukifika, magunia mengi hutoka shambani kwa baiskeli kabla hayajaona lori wala ghala la chama cha ushirika. Yupo pia mwanafunzi wa sekondari ya kata anayetoka kijiji cha mbali, ambaye mkono uliotoka kubana usukani ndio huohuo utakaoshika kalamu. Bodaboda imechukua abiria na sehemu kubwa ya mizigo, ni kweli. Lakini faida ya tenga la vibua ukiigawana na petroli hubaki kidogo mno, na ndiyo maana baiskeli haijaondoka.

Wanaokumbuka miaka ya kabla ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, wanajua jinsi kusini ilivyokuwa ikitengwa na Dar es Salaam masika yakikolea. Mzigo wa kijijini ulikwenda kwa kichwa, kwa jahazi au kwa baiskeli. Leo lami inapita pwani yote, ingawa mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua iliikata tena pale Somanga na magari yakalala njiani. Ukiiacha lami Nangurukuru ukaelekea Njinjo na Liwale, unakutana na udongo na changarawe, na yale matuta madogo yaliyopangana ambayo kila mwendesha baiskeli anayajua. Mtikisiko wake hupanda kwenye uma wa mbele, hufika kwenye usukani na kuishia mikononi.

Mwezi wa nane, kusi likiwa limeshika, nilikaa chini ya mwembe karibu na mnada wa samaki wa Kivinje pamoja na kijana mmoja aliyekuwa akingoja mashua. Tulisalimiana, nikampa pole na kazi, nikamwomba anionyeshe viganja. Alicheka kidogo, kisha akavifungua. Kiganja cha kulia kilikuwa na sugu mbili za rangi ya manjano kwenye mashina ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, ngumu hata ukizigonga kwa ukucha. Kati ya gumba na shahada palikuwa na lengelenge jipya, limetuna, maji yakionekana chini ya ngozi. Kiganja cha kushoto kilikuwa na habari mbaya zaidi. Lengelenge la pale lilikuwa limepasuka, ngozi imejikunja upande mmoja, nyama nyekundu iko wazi, na ukingoni mwa kidonda palikuwa na gamba la samaki lililoganda.

"Haya ya kawaida, mzee wangu," akasema. "Wiki ijayo itakuwa sugu, haiumi tena."

Nikaitazama baiskeli yake. Raba ya usukani upande wa kushoto ilikwisha zamani. Chuma kilichobaki kilikuwa kimeliwa na kutu ya hewa ya bahari, naye alikuwa amekizungushia kipande cha kiroba, nyuzi zake za plastiki zimechanika na kusimama. Raba za breki, hata hivyo, zilikuwa mpya.

Lengelenge haliletwi na ugumu wa chuma peke yake. Mkono ukibana usukani, ngozi ya juu hunata palepale iliposhika, huku mfupa na nyama za ndani zikisogea mbele na nyuma kwa kila mtikisiko. Tabaka za ngozi huvutana, na mvutano ukirudiwa mara nyingi, chembe za katikati ya ngozi ya nje huachana. Pale zilipoachana hujaa majimaji. Damu kwa kawaida haionekani kwa sababu mpasuko umetokea juu ya mishipa yake. Jasho huongeza shida, maana ngozi yenye unyevu hunata kuliko ngozi kavu, hunata hata kuliko iliyoloa chapachapa. Sasa fikiria kazi ya mchuuzi: ameshika samaki, ameshika barafu, amejifuta kwenye suruali, kisha anashika usukani katika hewa ya pwani ambayo haikaushi kitu upesi. Anaondoka akiwa tayari katika hali ambayo lengelenge linaitaka.

Mzigo nao una sehemu yake. Tenga likikaa nyuma sana kwenye keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba. Mwendeshaji hukaba kwa nguvu zote ili usimtoke. Akifika kwenye kilima au mchanga hushuka na kukokota, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukisukuma tenga. Hapo kiganja kimoja hubeba kazi ya viwili, na nadhani ndiyo sababu cha kushoto cha yule kijana kilikuwa kimeumia zaidi.

Pwani tunamheshimu mwenye sugu. Mwenye viganja laini huambiwa ana mikono ya karani, na anayelalamikia lengelenge huambiwa atazoea. Sisemi kwamba sugu haina kazi. Ngozi inayosuguliwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, huongezeka unene na kustahimili, na anayeanza safari fupi kabla ya ndefu huupa mwili nafasi ya kufanya hivyo. Lakini sugu ikiachwa ikue ipendavyo hugeuka adui. Ukingo wake hukwama kwenye raba na kuvuta nyama, lengelenge huja kuota chini yake, ndani zaidi, mahali ambapo maji hayana pa kutokea, au hupasuka na kufungua mlango wa uchafu. Wanawake wengi wa Kilwa wana jiwe la kusugulia visigino bafuni. Jiwe hilohilo lingemsaidia mchuuzi baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado imelainika, kisha mafuta ya nazi kidogo kabla ya kulala. Sijaona mwanaume wa mnadani akifanya hivyo, na sidhani ni kwa uvivu. Tumemfundisha kwamba ugumu wa mkono ndio uanaume wenyewe.

Hapa siwezi kuacha kuwaza vilima vya Matumbi, ambavyo viko ndani ya wilaya hii hii ya Kilwa. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walitangulia kung'oa miche ya pamba katika shamba ambalo watu walilazimishwa kulilima kwa amri ya Wajerumani. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kuwakinga watu na risasi, akanyongwa Mohoro, na vita vya Majimaji vikaenea kusini yote, na baada yake njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Kabla ya maji ya Ngarambe na kabla ya bunduki kulikuwa na mipini ya majembe, na siku za kazi ambazo mwenye mkono hakuzipanga. Miaka hiyohiyo mpira wa porini ulikuwa ukishushwa kutoka bara hadi bandari za Kilwa na Lindi, kwa vichwa vya wapagazi, kwa sababu dunia ilikuwa inautaka. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alikuwa ametengeneza tairi la upepo la baiskeli, na kiu ya mpira ikapanda. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira huo. Baiskeli ilitufikia ikiwa na deni la mikono.

Nayasema haya kwa sababu tunapomwambia kijana kwamba lengelenge ndiyo bei ya kazi, hatuulizi bei hiyo imepangwa na nani. Leo hakuna nyapara mwenye kiboko. Lakini samaki anaharibika. Jua likipanda, bei inashuka, na mteja wa kijiji cha tatu amekwisha kununua kwa mwingine. Kijana hawezi kusimama chini ya mkorosho akaupumzisha mkono, ingawa kusimama ndiyo dawa ya kwanza. Kiganja huanza kuonya kwa joto, mahali pamoja panawaka kabla ya kutuna. Ukisimama hapo, ukakausha mkono, ukafunika sehemu ile kwa plasta au kitambaa safi, mara nyingi lengelenge haliji kabisa. Kwake yeye, dakika hizo zinatoka kwenye bei ya samaki.

Likishatuna, jambo kubwa ni kuheshimu ngozi iliyolifunika. Chini yake mwili umekwisha anza kazi. Ndani ya siku moja au mbili chembe mpya zinajengeka, na kwa muda wa siku tano hivi ngozi mpya huwa imejipanga. Maji yatanywewa na mwili wenyewe. Hakuna duka la dawa linalouza bandeji bora kuliko ngozi hiyo, na anayeichuna kwa meno, kama nilivyoona wengi wakifanya, anatupa tiba aliyopewa bure. Lengelenge dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni, likaushwe, lifunikwe, basi. Likiwa kubwa na limekaza kiasi kwamba vidole havikunjiki, linaweza kutolewa maji: mikono ioshwe kwanza, sindano ichemshwe au ifutwe kwa spiriti, kisha ichome pembeni, chini, karibu na ukingo, tundu moja au mawili. Kandamiza polepole maji yatoke, ngozi ibaki mahali pake, pakwa mafuta ya mgando, funga kitambaa safi, na kibadilishwe kila siku au kila kinapoloa. Likiwa limeshapasuka lenyewe, osha, rudisha ngozi juu ya nyama, na ukate tu vile vipande vilivyokufa au kuchafuka.

Majivu yasipakwe. Dawa ya meno isipakwe. Najua majivu yana heshima ya wazee, lakini kidonda kibichi hakihitaji uchafu wa jikoni. Kwa mchuuzi wa samaki naongeza jambo moja kwa mkazo: kidonda kilicho wazi kisiingie kwenye maji ya samaki. Majimaji ya tenga, magamba na miiba hubeba vijidudu vinavyoweza kuvimbisha mkono mzima, na maji ya bahari hayasafishi kidonda kama wengi wanavyoamini. Wekundu ukianza kutambaa nje ya kidonda, pakawa pa moto, usaha ukaonekana, mstari mwekundu ukapanda mkononi au homa ikaja, safari ya kwenda zahanati ni siku hiyohiyo. Huko aulizie pia chanjo ya pepopunda, kwani vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, na njia zetu zina vyote viwili. Mwenye kisukari asijitoboe nyumbani hata kidogo.

Kuna malengelenge mengine ya kusini ambayo watu huyachanganya na haya, nayo ni ya korosho. Mama anayebangua korosho barazani, kwa nyundo na jiwe, hushika ganda lenye mafuta meusi makali yanayounguza ngozi kama asidi. Vidole vyake hutoka malengelenge bila kusuguliwa na kitu, kisha ngozi hubabuka na kuwa nyeusi. Wengi hujipaka majivu au mafuta kabla ya kuanza ili ganda lisigusane na ngozi yenyewe, na hapo majivu yana kazi ya haki, kwa kuwa ngozi ni nzima. Haya hayatobolewi. Dawa yake ni kuosha haraka kwa sabuni na maji mengi, na glovu ikiwezekana. Mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya korosho mbichi, akigusa maganda yaliyopasuka, anaweza kupata yote mawili katika safari moja.

Kiganja kinachouma, hata hivyo, kina bahati kuliko kilichokufa ganzi. Mwaka 1896 daktari Mfaransa aitwaye Destot alieleza habari za wagonjwa waliopooza sehemu ya mkono kwa kuendesha baiskeli. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hupita kwenye kiganja upande wa kidole hicho cha mwisho, karibu na kifundo, mahali pasipo na nyama nyingi ya kuukinga. Usukani ukipakandamiza kwa saa nyingi, vidole hivyo viwili hufa ganzi, na baadaye mtu hushindwa hata kufunga kifungo cha shati. Ganzi inayoisha baada ya kupumzika ni onyo tu. Isiyoisha ni ya kupelekwa kwa daktari.

Na katika mkoa wa Lindi ganzi ya mkono ina sababu nyingine ambayo hatupaswi kuona haya kuitaja. Lindi ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayoendelea kuibua wagonjwa wa ukoma, na ukoma hupenda mshipa huohuo wa fahamu. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa haviliwi na vijidudu vya ukoma kama watu walivyodhani. Vinaharibiwa na majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia: sufuria ya moto, mpini wa jembe, lengelenge lililopasuka na kutembelewa na uchafu bila maumivu ya kumzuia. Kijana wa Kivinje aliyeniambia wiki ijayo haitauma alikuwa na maana yake, nami nilimwelewa. Lakini mtu mwenye malengelenge makubwa asiyoyahisi, au mwenye baka lisilo na hisia mahali popote mwilini, aende akapimwe. Dawa za ukoma hutolewa bure, hunywewa kwa miezi 6 au 12, na anayeanza mapema hupona akiwa na vidole vyake vyote.

Kuzuia hakuhitaji fedha nyingi. Fundi baiskeli yeyote ana rundo la tyubu zilizokufa. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, anzia upande wa ndani wa usukani, uvute kwa nguvu, kila mzunguko upande juu ya nusu ya mzunguko uliotangulia, kisha uufunge. Juu yake zungusha kitambaa cha pamba, kipande cha khanga kuukuu kinatosha, kwa sababu mpira peke yake huteleza ukikutana na jasho au maji ya samaki. Kitambaa kifuliwe. Kwa fundi, kazi hiyo haizidi ile ya kuziba pancha. Papo hapo aitazame siti: pua yake ikiinama mbele, uzito wote wa mwili huteremkia mikononi, na spana moja inatosha kuiweka sawa. Tenga lisogezwe mbele kadiri linavyowezekana, karibu na mgongo, ili gurudumu la mbele likae chini na usukani utulie. Kwenye changarawe upepo wa tairi upungue kidogo. Viwiko vikunjwe, kifundo cha mkono kinyooke, vidole vilegezwe panapokuwa na tambarare, na mikono ihamishwe mara kwa mara badala ya kushika pamoja kutoka Kivinje hadi mwisho wa safari. Glovu za kazi zipo kwenye mitumba, lakini ziwe jozi mbili, za samaki mbali na za usukani, maana glovu iliyoloa husugua kuliko mkono mtupu.

Jambo moja liko juu ya uwezo wa mtu mmoja. Fukwe zetu za kushushia samaki zina vikundi vya usimamizi, ambavyo wavuvi huviita BMU kwa kifupi, navyo vina viongozi, vikao na ushuru unaopita mikononi mwao. Kikundi kingeweza kuweka sanduku la huduma ya kwanza: sabuni, spiriti, pamba, bandeji, plasta, mafuta ya mgando, na ndoo ya maji safi yenye bomba. Na mtu mmoja afundishwe na mhudumu wa zahanati namna ya kutazama mkono na kujua upi wa kufungwa pale na upi wa kupelekwa. Sanduku lisifungiwe ofisini. Liwekwe mnadani, pembeni ya mizani, kwa sababu hapo ndipo mikono yote hupita kabla haijashika usukani.